Mume Aliyetulia

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, amebadilika, ukoo mzima unasema hivyo. Wakati wa uchumba alikuwa na wivu, nasi tukauita mapenzi. Baada ya harusi likaja kofi, na kesho yake gauni jipya. Mdogo wangu akawa na magauni kutushinda sote. Alipojifungua, magauni yakakoma, ngumi zikabaki. Siku alipokuja kwangu mtoto mgongoni, miguu mitupu, wazee wakaitisha kikao na bwana akaapa. Kiapo amekitunza, hajamgusa tena. Shangazi humsifu kana kwamba kutompiga mtu ni kipaji.

Juzi nilikuwa namsuka mdogo wangu saluni kwangu. Msusi mwenzangu alikuwa amehama, na nafasi yake nilitaka aichukue yeye. Ana mkono mwepesi kuliko wangu, ingawa simwambii, asije akavimba kichwa. Alikuwa ameahidi kunipa jibu siku hiyo.

"Unamwonea tu shemeji yako," aliniambia. "Siku hizi hata sauti hapandishi."

"Basi tumtafutie mke wa pili, na mwenzio afaidi."

Alicheka. Shangazi, aliyekuwa anakausha nywele, naye akacheka. Hapo simu ikaita, ni bwana, anataka waonane kwa video. Kabla hajauliza lolote, mdogo wangu alisimama na nywele zake nusu, akaanza kuizungusha simu: mimi, shangazi, mteja wa kucha, nyuma ya pazia. Akaenda kufungua na mlango wa choo.

"Umeona?"

"Nimeona, mpenzi," bwana alisema kwa upole. "Ila huo msuko haukupendezi."

Alipokata, shangazi akatikisa kichwa kwa furaha. "Mwanamume anayejali, huyo."

Mdogo wangu akarudi kukaa. "Dada, nifumue."

Utani uliniishia palepale. Nilichukua kitana, nikafumua msuko mmoja, nikashindwa kuendelea. Nilikuwa na hasira mpaka machozi.

"Alipokuwa anakupiga ulinikimbilia," nikamwambia. "Sasa hivi utamkimbia saa ngapi?"

Simu ikaita tena mapajani pa mdogo wangu, akaitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Suka," alisema.

Nikasuka.

"Kesho tunafungua saa ngapi?" aliuliza.