Siku Mbili za Giza

Godelieve alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaisha. Tangu juzi mchana alijifungia katika chumba cha zamani cha barafu ya samaki, hapo mjini Baraka, giza totoro, yeye na jicho la kioo kubwa kama boga. Mlango ulikuwa na komeo la ndani tu, kwa hiyo lazima mtu akae humo. Basi akakaa yeye, na chikwangue yake, mkate wa muhogo, na ndoo yake. Kazi gani hii, jamani!

Macho ya namna hiyo yangeshushwa kilindini mwa Ziwa Tanganyika, yanase vimwanga vinavyoachwa na nyutrino, chembe ndogo mno zitokazo angani na kupenya kila kitu. Lakini kwanza kila jicho likae gizani siku mbili, litulie, lisihesabu mwanga ambao haupo. Saba yalishapita. La nane lilimshinda mara mbili. Boti inaondoka kesho, na chef, mkubwa wake wa kazi, alishasema yasipotimia manane, mkataba anapewa mwingine. Yalibaki masaa mawili. Mashine ya kuhesabu mwanga ililia tik moja moja tu, vizuri kabisa.

Mlango ukagongwa.

"We Godelieve! Fungua!" Alikuwa Mama Pulchérie, mama mkwe wake.

"Mama, siwezi. Mwanga ukiingia, kazi yangu imekufa."

"Batu banasema bibi ya Guy anajifungia mu giza analia. Mi siondoke bila kuona sura yako."

Guy, mumewe, alikufa miezi mitatu iliyopita, lori lilipopinduka njia ya Lulimba. Godelieve hakuwa akilia. Hata nguvu ya kulia hakuwa nayo. Akamweleza polepole kupitia mlangoni.

"Hii jicho, Mama, ikiona mwanga mara moja, inaendelea kuuona, hata kama mwanga haiko tena. Njo maana tunaifungia, isahau."

 Godelieve akadhani mama mkwe ameondoka, akageukia mashine yake.

"Jana," Mama Pulchérie akasema, "nilimupakulia Guy ugali. Nikamuita akuye kula. Nikaita mara mbili, Godelieve. Bajirani balisikia."

Tik, mashine ikahesabu. Machozi aliyodhani yamekauka yakamjia yote kwa pamoja. Akapapasa ukutani, akazima umeme wa jicho lisije likaungua kwa mwanga, akavuta komeo.

Jua la saa nne likaingia lote, kazi ikaenda na maji. Mama Pulchérie alikuwa amekaa chini mlangoni, kitambaa kimemwanguka kichwani. Godelieve akakaa kando yake, wakamlilia Guy pamoja, kwa sauti, barabara nzima ikisikia.