Asidi Iliyozimuliwa

Siku fundi Uthmani alipofika Gitega, Mwalimu Kasilda alikuwa amevua viatu chini ya meza ya chumba cha walimu. Miguu ilikuwa imevimba, na mbele yake palikuwa na madaftari themanini na mawili ya kusahihisha. Alikwisha kufundisha vipindi vinne tangu asubuhi, na vingine viwili vilimngoja saa tisa kwenye shule ya binafsi, upande wa pili wa mji. Mlinzi alipokuja kumwambia kuna mgeni kutoka Muyinga anamtafuta, jambo la kwanza lililomjia ni kwamba itambidi avae viatu tena.

Mgeni alikuwa mtu wa makamo, amevaa kofia ya kufumwa na koti lililomkaa vizuri kuliko koti la mwalimu yeyote pale shuleni Mushasha. Alikataa kiti.

"Mi naitwa Uthmani, Madamu. Mi niko fundi wa cherehani kule Muyinga. Mtoto yangu ni Raissa. Alifanya ile konkuru yenu ya kemia."

Kasilda alilikumbuka jina. Kila mwaka chama cha walimu wa sayansi kilifanya shindano kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na wa kwanza alilipiwa chuo kikuu mpaka amalize. Sehemu ya kemia Kasilda ndiye aliyeitunga, na yeye ndiye aliyeisahihisha. Mwaka huu wa kwanza alikuwa Vumilia, mwanafunzi wake mwenyewe, binti wa mkulima wa Gishubi, aliyepata sabini na moja. Raissa wa Muyinga alikuwa wa pili, sitini na nane.

"Alifanya vizuri sana," Kasilda akasema. "Mpongeze."

"Asante. Lakini yeye anasema ile swali ya ine hakukosa. Mi kemia sijue, Madamu. Nimeomba tu mtu aiangalie tena."

"Mzee wangu, kuna mwongozo wa majibu. Wote wamesahihishwa kwa mwongozo huo huo."

"Ndiyo, nimeelewa." Fundi akatoa daftari ndani ya koti na kuliweka mezani, taratibu, kama mtu anayeweka nguo iliyokwisha kupigwa pasi. "Bon, amerudia kuiandika humu. Ukipata nafasi."

Alishukuru, akaaga, akaenda zake kutafuta gari la kurudi Muyinga, na siku zile petroli ilikuwa adimu, gari lilipatikana kwa kungojea nusu siku. Kasilda alilitia daftari mkobani, na humo likakaa mpaka Jumapili.

Jumapili, baada ya misa, alibandika maharage jikoni, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akalifungua. Alitaka aweze kusema kwamba ameliangalia, basi.

Swali la nne lilikuwa fupi. Asidi ya haidrokloriki imezimuliwa kwa maji mengi, hata katika kila lita imebaki moli kumi kwa kipeo cha hasi nane. Tafuta pH yake. Katika mwongozo wa Kasilda jibu lilichukua mstari mmoja: tafuta logi ya kiasi hicho, unapata hasi nane, geuza alama, unapata nane. Alama tano.

Raissa naye alikuwa ameandika nane, kisha akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake aliandika, kwa Kifaransa cha shule na mwandiko wa kusimama wima, kwamba pH ya nane ni ya besi, na yeye hakutia besi yoyote, ametia asidi. Maji yanaweza kuidhoofisha asidi. Hayawezi kuifanya besi.

Kasilda alisoma mistari ile mara mbili. Maharage yalianza kumwagika, akainua kifuniko, akarudi.

Msichana alieleza kwamba maji matupu nayo yana haidrojeni yake, moli kumi kwa kipeo cha hasi saba katika kila lita. Asidi ikiwa nyingi, hicho ni kidogo mno, hakuna haja ya kukihesabu. Lakini asidi ikizimuliwa kiasi hiki, haidrojeni ya maji ndiyo inakuwa nyingi, mara kumi ya ile ya asidi. Basi alizihesabu zote mbili, akaita jumla yake x, akatengeneza mlinganyo wa kipeo cha pili, akaufungua. Alipata moja nukta sifuri tano mara kumi kwa kipeo cha hasi saba. Akatafuta logi, akageuza alama. Sita nukta tisa nane. Chini kidogo ya saba, ambayo ni ya maji matupu. Bado asidi, ingawa kwa jina tu.

Kasilda alichukua penseli akarudia hesabu nyuma ya bahasha. Ilitoka ile ile. Akajaribu kuongeza maji zaidi kwa njia yake mwenyewe, ile ya mstari mmoja: ikawa tisa, ikawa kumi, ikawa kumi na moja. Kwa hesabu yake, tone la asidi likimwagwa katika mto Ruvubu lingeugeuza mto mzima magadi.

Hakuona aibu, si mwanzoni. Alichoona ni uchovu, ule wa mtu aliyefika kilele cha mlima akaambiwa alipita njia siyo. Alikuwa amekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, akasomea ualimu Tabora, akarudi nchini mwaka 2009 na vyeti ambavyo hakuna aliyejua kuvisoma. Alianza kufundisha kwa Kifaransa huku bado anajifunza Kifaransa chenyewe. Mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu alimrithisha madaftari yake, naye akayashika kama mtu anavyoshika kamba ndani ya giza. Swali hili lilitoka humo. Miaka yote hiyo alikuwa amefundisha nane.

Karatasi za shindano zilikuwa bado kwenye boksi chini ya kitanda. Alizipekua akaipata ya Raissa. Ukurasa mzima wa hesabu, na juu yake sifuri yake mwenyewe nyekundu, kubwa, ya mkono wenye haraka. Alikumbuka siku zile: karatasi mia moja na arobaini kwa siku mbili, katikati ya vipindi. Hakusoma. Alitazama jibu la mwisho tu. Ya Vumilia ilikuwa na nane na alama tano.

Jumatatu alimfuata Nazario, mwalimu wa hisabati aliyekuwa katibu wa chama. Nazario alisoma daftari lote akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Yuko sawa," akasema.

"Najua yuko sawa."

"Bon. Tufanye hivi. Tulifute swali lenyewe, kama halikuwepo." Akaandika kwenye kiganja. "Vumilia anabaki na sitini na sita. Huyu wa Muyinga ana sitini na nane. Hapana." Akafikiri. "Au tuwape wote wawili tano, tuseme swali lilikuwa na utata. Vumilia sabini na moja, huyu sabini na tatu." Akafuta kiganja kwenye suruali. "Kila njia anapita huyu."

"Nimeshazijaribu zote mbili," Kasilda akasema.

"Kwa hiyo iliyobaki ni kunyamaza. Matokeo yametangazwa, Madamu. Padri amemtaja Vumilia kanisani."

"Alimtaja mbele yangu."

Nazario akamrudishia daftari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vipindi ishirini na nane kwa juma na mama mgonjwa. "Mi nitaandika barua ya kurekebisha," akasema mwishowe. "Nitatia sahihi. Lakini kumwambia yule mtoto, siwezi."

Jumatano mchana Kasilda alipanda pikipiki hadi Gishubi. Kastori, baba yake Vumilia, alikuwa anapalilia mihogo, na alipomwona mwalimu akashusha jembe, uso wote ukafunguka. Walijuana tangu Ulyankulu. Vijiji vyao kule vilitenganishwa na bonde moja tu.

"Mwalimu, karibu. Vumilia, leta kiti kizuri."

Alikaa kwenye kiti kizuri akawaambia. Alianza na swali, kisha mwongozo, kisha daftari. Hakutafuta maneno ya kulainisha kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuyatafuta. Kastori alisikiliza huku akikwangua udongo kwenye kucha. Vumilia alikuwa amesimama mlangoni.

"Lakini niliandika ulivyotufundisha," Vumilia akasema.

"Ndiyo."

"Darasa zima tuliandika nane."

"Ndiyo. Niliwafundisha vibaya."

Msichana alinyoosha mkono, akapewa daftari. Alilisoma palepale mlangoni, midomo ikisogea kidogo. Kuku waliingia ndani na kutoka. Alipofika mwisho alirudi juu kwenye ule mstari uliokatwa, akautazama.

"Ni kweli," akasema. Sauti ilikuwa kavu. Akamrudishia mwalimu daftari, akachukua dumu, akaenda kisimani, ingawa madumu mawili yaliyojaa yalikuwa yamesimama hapo ukutani.

Kastori alingoja mpaka mwanawe amepotea kwenye migomba.

"Ungekaa kimya, nani angejua?"

"Labda hakuna. Yule baba hajui kemia."

"Sasa kwa nini umekuja?"

Kasilda alitafuta jibu, na yote aliyoyapata yalifanana na mahubiri. "Nimechoka, Kastori," akasema. "Mambo ninayobeba yananitosha. Hili sina pa kuliweka."

Kastori alimsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu mgeni husindikizwa, lakini hakumwomba arudi tena.

Jumamosi alikwenda Muyinga. Alingoja gari tangu asubuhi mpaka saa sita, akafika jua limeanza kulegea. Kibanda cha Uthmani alikiona kwa mbali, vitambaa vya kitenge vilivyopita mpaka wa Kobero vikining'inia mbele, na ndani msichana mwembamba mwenye ushungi wa kijani akipiga pasi ya mkaa.

Fundi alisimamisha cherehani. Kasilda hakungoja kiti.

"Raissa hakukosea," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Mwongozo wangu ulikuwa na kosa, na hata karatasi yake sikuisoma. Nimekuja kuomba radhi. Barua ya chama itafika juma lijalo. Nafasi ni yake."

Uthmani alishika ukingo wa meza. Midomo ilisogea, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo sana, kisha akakaa. Raissa alikuwa ameiinua pasi hewani, hajui aiweke wapi.

"Na ule mwingine?" akauliza. "Ule wa kwanza?"

"Anaitwa Vumilia. Ni mwanafunzi wangu."

"Kwa nini alikosa? Yeye hajue?"

"Anajua sana. Aliandika nilichomfundisha."

Raissa aliiweka pasi juu ya kibati chake. Hakuruka, hakucheka. "Mi pia niliandika nane, Madamu," akasema. "Kalkulata yangu ilizimika, donc nikawa nangojea zamu ya ile kitabu ya logi. Sikukuwa na kazi. Nikaangalia ile nane, nikaangalia. Ningekuwa na kalkulata, ningeendelea tu."

Kasilda alicheka kidogo, kicheko cha kwanza juma lile, kikaishia njiani.

Uthmani alikuwa ameona bitana ya koti la Kasilda imechanika chini ya kwapa. Alimwomba alivue. Kasilda alipinga, fundi hakusikiliza, na kabla hajamaliza kusema hapana koti lilikuwa chini ya sindano. Raissa alimletea chai ya tangawizi na chapati. Alikunywa nusu. Cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma, na Mwalimu Kasilda akalala usingizi palepale kwenye kiti cha wateja, mdomo wazi, mbele ya watu waliokuja kuchukua nguo zao. Hawakumwamsha. Alipofumbua macho koti lilikuwa limekunjwa mapajani mwake, na fundi alikuwa amekwisha kumtafutia nafasi kwenye gari la mwisho la kwenda Gitega.

Barua ilifika. Kanisani padri alitaja jina jingine, na watu wa Gishubi walitazamana. Vumilia hakuonekana shuleni siku nne. Alipoomba mkopo wa serikali aliambiwa angoje, na bado anangoja. Kastori alikutana na Kasilda sokoni akamsalimu kwa adabu zote, kama mtu anavyomsalimu mtu asiyemjua.

Vumilia alikuja kwa mwalimu wake mwezi uliofuata, alasiri, katika chumba cha walimu. Kasilda alikuwa anasahihisha. Vumilia hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Ile miongozo ya miaka mingine," akasema. "Ya mashindano, na ya mitihani ya hapa. Unayo?"

"Ipo yote."

"Naomba niipitie. Nina muda sasa."

Kasilda aliinuka, akaleta majalada matano yenye vumbi. Walianza na la zamani kuliko yote. Vumilia alisoma swali kwa sauti, akalifanya mwenyewe bila kutazama jibu, kisha akalinganisha. Ilipofika saa kumi na moja walikuwa wamepata kosa moja, dogo, la alama iliyosahaulika mbele ya logi. Kasilda alilisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaandika tarehe pembeni, akafumba macho akiyasugua kwa viganja.

"Tuendelee kesho?" akauliza.

"Tumalizie hili kwanza," Vumilia akasema, akafunua ukurasa unaofuata.