Aliyeanguka Apande Tena

Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, ting, ting, ting, na Twiga akajifunika mto kichwani. Mkewe alikuwa jikoni akikoroga chai. Ulikuwa mlio mdogo tu, lakini ulimwingia kichwani kama msumari.

"We mwanamke, unataka kuniua?" alifoka.

Mlio ukakoma. Baadaye mkewe alimletea chai aliyoikoroga kwa mwiko wa mti, akaweka kikombe juu ya kitambaa ili kisilie. Hapo ndipo aibu ilipomshika Twiga. Bora angemtukana.

Alikuwa fundi wa kupaka rangi, mrefu hata jina la Twiga likamganda. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi, kisogo kikagonga sakafu. Kundi lao la mafundi lilikuwa na desturi yake: aliyeanguka hupanda tena palepale, hofu isije ikamwotea mizizi. Wenzake walicheka, wakapiga makofi, naye akapanda huku ukuta ukimzunguka. Akaanguka mara ya pili.

Hakuvunjika mfupa. Picha ya kichwa haikuonyesha kitu. Lakini tangu hapo mwanga humuumiza, maneno humtoroka, na hasira hufurika kama maziwa yaliyosahauliwa mekoni. Juzi alisimama sokoni asijue alichotumwa. "Asubuhi yote hii umeshalewa?" muuza nyanya alimwuliza, na watu wakacheka. Akawa hatoki tena. Wenzake wakija, mkewe huambiwa aseme hayupo.

Jua lilipochomoza, mlango uligongwa. Alikuwa kiongozi wa kundi lao, yule wanayemwita Mkuu wa Ngazi.

"Sema nimetoka," Twiga alinong'ona.

"Nimechoka kusema uongo, baba watoto," mkewe akajibu, akafungua.

"Twiga wa watu!" Mkuu aliingia kwa kishindo. "Kumbe umejifungia kama mwari! Mfupa haukuvunjika, sasa unauguza nini?"

Twiga aliziba masikio. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shemeji, polepole," mkewe akasema. "Daktari ametueleza. Ubongo ulitikisika ndani ya fuvu. Kwenye picha hauonekani mtikisiko, lakini upo. Wengi hupona kwa wiki chache wakipumzika. Wengine huchukua miezi, hata zaidi, kichwa kinauma, wanasahau, wanakuwa wakali bila kutaka. Na kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, madhara huwa makubwa zaidi." Akamtazama Mkuu. "Na nyinyi mlimpandisha tena."

Mkuu akaketi taratibu, kama mtu aliyezidiwa na mzigo.

"Ni mimi niliyesema apande," alisema kwa sauti ya chini. "Nami nilipandishwa hivyohivyo ujanani. Nilidhani namkomaza."

Akainuka, akavuta pazia, kisha akahamisha kiti chake na kuketi akiukinga mwanga uliokuwa ukipenya na kumpiga Twiga usoni.

"Mkuu, lile jengo la shule mmemaliza?" Twiga akauliza.

"Kimebaki chumba kimoja."

Wakanywa chai. Wakazungumza habari za mvua.

"Mkuu, lile jengo la shule mmemaliza?"

Mkewe aliinamisha macho. Twiga akaelewa, na joto la aibu likampanda shingoni.

"Nimeshauliza, eti?"

"Kimebaki chumba kimoja," Mkuu alijibu, kama mtu aliyeulizwa mara ya kwanza. "Uliza utakavyo, bwana. Mimi kila asubuhi namwuliza mke wangu viatu vyangu viko wapi, na sijaanguka popote."

Twiga akacheka. Kicheko kilimuumiza kichwa, lakini hakukizuia.

"Nitawaambia wenzetu," Mkuu alisema akiaga. "Atakayeanguka atakaa chini, apelekwe akapimwe. Nawe usiniombe ngazi mpaka daktari akuruhusu."

Twiga alimsindikiza hadi mlangoni, mkono ukishika ukuta. Jirani alikuwa nje akifagia, akageuka kumtazama. Twiga hakurudi ndani.

"Uje tena, Mkuu," alisema. "Hata nikisahau kwamba ulikuja, we njoo tu."