Watazamaji Sifuri wa Majivuni

Nchi ya Majivuni ilikuwa na uwanja mmoja wa mawe, mpana, uliopakwa chokaa kila mwezi kwa jasho la watu wasioalikwa kuingia, na ndani yake wanaume walisukumana na mpira huku Mtukufu Bwerere, mtawala wa nchi, akisinzia juu ya kiti cha enzi kilichohitaji wapagazi arobaini kukibeba. Wanawake walichezea shimoni, mahali yalipochimbwa mawe ya uwanja huo, na watu walijaa ukingoni mpaka muuza mihogo akahamishia karai lake huko bila kumuaga mtu. Lakini sheria ilisema mtazamaji ni yule aliyekaa kitini, aliyesimama hahesabiwi. Hivyo kila mwaka mhesabu wa serikali, Bwana Nukta, alipita shimoni, akaona vichwa tele, akaandika sifuri.

Mwamvua, nahodha wa wanawake, alikwenda barazani kuomba mabenchi.

“Niwajengee akina nani?” akauliza Mtukufu. “Watazamaji wenu sifuri.”

“Ni sifuri kwa kuwa hakuna mabenchi, Mtukufu.”

“Basi wapatikane kwanza. Mwaka huu ikiwa sifuri tena, shimo analichukua shemeji yangu afugie bata.”

Mwamvua alitoka moyo ukimchemka. Shimoni ndiko alikojiona mtu, na sasa awapishe bata! Akapita nyumba kwa nyumba akisema neno moja tu: njooni na cha kukalia.

Siku ya hesabu watu waliteremka na vigoda, ndoo, vinu vya kupindua na mbuzi za kukunia nazi. Bwana Nukta akahesabu mpaka sauti ikamkauka. Mtukufu, aliyechoka kusinzia peke yake uwanjani, akaja kwa miguu, kwa sababu wapagazi wake arobaini walikwishawahi nafasi za mbele.

Akasimama, akakohoa. Bwana Nukta akampita.

“Nukta, hunioni?”

“Sheria yako, Mtukufu. Umesimama.”

Mwamvua akaukanyaga mpira, akaomba mbuzi ya nazi kwa mama mmoja, akaiweka mbele ya mtawala.

“Karibu. Ukikaa, tunaongezeka mmoja.”

Mtukufu aliyatazama yale meno ya chuma, kisha akawatazama watu, waliokuwa wakitafuna mihogo taratibu. Akisimama, hayupo, akikaa, naye ni mtazamaji wa wanawake, na mabenchi hana budi kuyajenga.

Mwamvua hakungoja jibu. Alirudi kati, akaupiga mpira, shimo zima likalipuka kwa shangwe, na hakuna aliyegeuka kuangalia kama mtawala amekaa.