Uma wa Mzee Fermo

"Inua kidevu, nisije nikakuchoma," alisema Delfina, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, pini mdomoni, akibana kola ya koti la kifalme. Oreste Ghirardini aliinua kidevu. Jasho lilikuwa limeshamlowesha mgongo, na pazia lilikuwa bado halijafunguliwa.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameimba baritoni, sauti ya kiume ya katikati, katika majumba ya opera ya miji ya watu. Leo, Jumapili mchana, alikuwa anaimba kwao, kwa mara ya mwisho, na ile noti ya juu katika wimbo wa baba anayemuaga bintiye ilikuwa imemkimbia tangu Krismasi. Kiongozi wa orkestra alikuwa amekubali kimyakimya kuushusha wimbo nusu toni. Wapiga vyombo walishagawiwa karatasi mpya. Watu wa viti vya bei mbaya wasingeng'amua kitu. Roho yake ilikuwa juu kwa sababu ya roshani ya mwisho kabisa, wanakobanana wachinjaji na wauza jibini wanaoijua opera nzima kwa moyo. Kule ndiko hukaa Mzee Fermo.

Fermo ndiye aliyemfundisha kuimba, kwenye kwaya ya parokia. Mfukoni hakosi uma wa chuma wa kupimia sauti. Wimbo ukiisha huugonga gotini, huusikiliza kupima kama mwimbaji hakuushusha, kisha husimama. Akisimama hupiga makofi, au mluzi wa kuzomea, na roshani nzima humfuata. Mwimbaji mmoja aliwahi kutorokea mlango wa takataka, ndevu za bandia zikiwa bado kidevuni.

"Hodi humu!"

Alikuwa Fermo mwenyewe, na soseji kwenye karatasi. Delfina alitoka kuwapisha.

"Umenenepa, mwanangu. Kwenye kwaya ulikuwa mkavu kama Kwaresima."

"Karibu, mwalimu." Oreste alimsogezea kiti.

Mzee alifunga mlango. Akautoa uma, akaugonga gotini, akauweka sikioni.

"Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Mimi sijausikia. Mwaka wa pili huu."

Oreste alikodoa macho. "Na yule uliyempigia mluzi mwezi uliopita?"

"Nilimwona anatoka jasho, nikabahatisha. Huenda nilimwonea. Usingizi siupati." Mzee alifuta uma kwa leso, ingawa ulikuwa safi. "Wewe sitaki kukubahatisha. Ukimaliza wimbo wa baba, kama umeuimba ulivyoandikwa, niangalie. Kama sivyo, angalia viatu vyako."

"Halafu utafanya nini?"

"Nitasimama. Si ndiyo kazi yangu?" Akavaa kofia, akaenda zake.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kuinua macho tu, basi. Oreste alijaribu kucheka mbele ya kioo, akashindwa. Zamani aliliogopa sikio la yule mzee. Sasa aliyaogopa macho yake mwenyewe.

Tendo la tatu likafika. Orkestra ikaingia, nusu toni chini, laini kama siagi iliyoachwa mezani. Oreste akavuta pumzi. Aliimba vizuri, hilo alilijua. Pengine hakuwahi kuimba vizuri vile. Noti ya juu ilipofika ilikuja yenyewe, pana, bila kukwaruza, ikakaa pale alipoishushia. Aliyeigiza binti, akiwa amepiga magoti mbele yake, alilia machozi ya kweli.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi mzima ulikuwa umekaza shingo kuelekea juu, na Oreste hakuhitaji kuona ili ajue kwamba mzee ameinama kwenye ukingo, akimngoja yeye. Alitaka kuangalia. Mungu wangu, alitaka sana.

Aliangalia viatu vyake. Yalikuwa mabuti meusi ya kuazima, la kushoto limepasuka karibu na kidole gumba. Aliutazama ule mpasuko bila kupepesa.

Juu kabisa, uma uligongwa gotini. Sauti yake nyembamba ilishuka mpaka jukwaani, ikamfikia, ikafifia. Kisha kiti kimoja cha mbao kikalia, kama vinavyolia vyote vya kule mtu anaposimama.