Foleni ya Kufunga Akaunti

Mama Pasi alikuwa akipiga pasi kola ya shati la mteja, mumewe alipotokea chumbani ameshavaa viatu. Akaiweka pasi ya mkaa kando, akanyoosha mkono bila hata kumtazama. Mumewe, Cheche, akampa simu. Ndivyo asubuhi zao zilivyoanza tangu mshauri wa zahanati awape masharti: simu ashike mke, hela ashike mke, na kila wiki waje wote wawili kuzungumza.

Siku ile ya kwanza mshauri alimuuliza Cheche maswali. Ukipoteza hela kwenye kubeti, huwa unarudi kucheza ili uirudishe? Umewahi kuwadanganya watu wa nyumbani? Umewahi kuuza kitu ukacheze? Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyeishiwa maneno karakana nzima, aliinamia sakafu. Mkewe ndiye aliyejibu. Ndiyo, ndiyo, mashine yake ya kuchomelea ameiuza, ndiyo.

"Mama, mwache ajibu mwenyewe," mshauri alisema. "Huu ni ugonjwa, si ukorofi."

"Malaria nayo ni ugonjwa, lakini haimwambii mtu kesho itamlipa."

Hata hivyo alishika masharti, na mume naye, tumpe haki yake, alishika. Alikuwa akifanya vibarua kwa mashine za watu na kurudi na ujira wake mzima. Kilichobaki kuwakera ni ile akaunti ya kubeti. Kila jioni simu ililia mfukoni mwa Mama Pasi: "Bingwa, tumekukosa! Pokea zawadi yako." Akapiga simu kampuni waifunge. Akaambiwa mwenye akaunti aje mwenyewe dukani na kitambulisho. Yaani mtu anayeugua kubeti, dawa yake aifuate kwenye duka la kubeti. Haya, wakaenda.

Mlangoni Mama Pasi akatoa kwenye mkoba miwani ya kuchomelea, ile myeusi tii ambayo ukiivaa huoni kitu mpaka moto uwake.

"Vaa."

"Mke wangu, watu watacheka."

"Walishacheka ulipouza mashine. Vaa."

Akaivaa, akamshika mkewe begani, wakaingia. Ukuta mzima ulikuwa skrini, na mbwa wa kuchora wenye namba walikuwa wakishindana mbio humo kutwa. Dirisha lilikuwa moja tu, la kuwekea dau na la kufungia akaunti, kwa hiyo foleni nayo ni hiyohiyo.

"Fundi, leo unachomelea nini humu?" mmoja akauliza, na foleni ikacheka. Siku nyingine Cheche angemrudishia maneno mpaka ajute. Leo alikaza tu mkono kwenye bega la mkewe.

Karani alikuwa binti mpole mwenye kucha ndefu. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena.

"Mfumo unakataa. Akaunti ina salio."

"Basi tupe tuondoke," Mama Pasi akasema.

"Si hela, mama. Ni zile zawadi alizotumiwa. Hazitolewi, zinachezwa."

"Hatukuziomba. Zifute."

"Mfumo hauna pa kufutia."

"Kwa hiyo ili mtu aache kucheza, ni lazima acheze."

"Mara moja tu, mama. Zikiisha naifunga sasa hivi."

Mama Pasi akaomba kuonana na meneja. Meneja yuko mkutanoni. Akampigia mshauri, simu ikaita mpaka ikakatika, maana mshauri ni mmoja na wagonjwa wamejaa hadi nje. Nyuma yao watu walianza kuguna. Mama Pasi akaona bora yaishe.

"Mbwa gani hajashinda tangu asubuhi?"

"Namba sita."

"Weka zote kwa huyo."

Mbwa wakatoka. Yeye hakuwatazama, alitazama kidole cha karani kilichokuwa tayari juu ya kitufe cha kufungia. Ghafla foleni ikapiga kelele. Namba sita, yule goigoi wa kutwa nzima, alikuwa ameshinda.

"Hongera," karani akasema, na kwa kweli alionekana kumhurumia. "Sasa salio limeongezeka."

"Hizo si zimeshakuwa hela? Nipe."

"Ushindi wa zawadi hautoki mpaka uchezwe tena mara tatu. Ni masharti."

Mama Pasi akageuka amwambie mumewe waondoke. Cheche alikuwa ameipandisha miwani kwenye paji la uso. Mdomo wazi kidogo, macho kwenye skrini, hapepesi. Sura hiyo aliijua. Ndiyo aliyoiona siku zile mashine ilipoondoka nyumbani.

"Mara tatu tu," Cheche akasema polepole. "Si wao wenyewe wamesema? Tukimaliza tunafunga. Nipe simu."

"Vaa miwani."

"Ngoja kwanza, nipe simu."

Hasira zikampanda Mama Pasi, na safari hii hazikuwa za mume. Huyu alikuwa anapona. Yeye mwenyewe amemleta kwa mkono wake, na hata yule mbwa ni yeye aliyemchagua. Akaisokomeza simu kifuani, akageuka, akaliziba dirisha kwa mgongo wake wote, mgongo wa mtu aliyeinamia meza ya kupigia pasi miaka na miaka. Foleni ikaanza kulalamika. Mlinzi akaja.

"Mama, sogea. Unazuia wateja."

"Ndiyo. Nimekuja kumzuia mmoja, mmekataa. Basi leo nawazuia wote."

"Nitakutoa kwa nguvu."

"Nitoe. Ila mwambie meneja atoke mkutanoni aje aone unavyonitoa."

Mlinzi akasita, akamtazama karani. Karani akashusha macho.

Mama Pasi akanyoosha mkono, akamshushia mumewe miwani. Mkono wa Cheche ukapapasa hewani, ukalipata bega la mkewe, ukalishika.