Barafu Ilipokuja Msibani kwa Baba

Jana usiku, nikiwa nimelala peke yangu katika nyumba ya marehemu baba, niliota barafu imekuja msibani.

Ilipiga hodi kistaarabu. Nikafungua mlango nikaikuta imesimama barazani, nyeupe, nene, upana wake kutoka kwa jirani mpaka kanisani, na urefu wake sikuuona mwisho. Ilikuwa imejifunga kitenge.

"Pole na msiba, mwanangu," ikasema. "Nimechelewa. Natoka mbali, na mwendo wangu ndio huu."

"Tumeshapoa," nikajibu, maana ndivyo mtu anavyojibu. "Lakini tulizika mwezi uliopita."

"Mimi niliondoka nyumbani miaka milioni mia tatu iliyopita. Mwezi mmoja si neno. Nivue viatu?"

Nikaiambia isijali. Ikaingia.

Kabla sijaendelea niseme kazi yangu, msije mkaniona nimechanganyikiwa. Huku kwetu kusini, zamani sana kabla ya mtu wala ng'ombe, kulikuwa na barafu kubwa iliyojikokota juu ya nchi, imebeba mawe na tope. Ilipoyeyuka ikayaacha, na lile tope likawa mwamba. Mimi na wenzangu tunauchimba mwamba huo, tunatazama kila jiwe refu limelala kuelekea wapi, kwa sababu barafu huyalaza mawe kufuata mwendo wake. Ukipima mawe ya kutosha unajua barafu ilipita njia gani. Sharti ni moja tu: usiling'oe jiwe kabla hujalipima. Ukishaling'oa, una kokoto mkononi, basi.

Baba, mzee Longino, hakuikubali kazi hiyo hata siku moja. "Watoto wa wenzangu ni manesi," aliniambia mara ya mwisho tulipoonana. "Wa kwangu anauliza kokoto zimetoka wapi." Tangu siku hiyo hakupokea simu zangu. Kisha akafa.

Shangazi Osmunda, dada yake, ndiye aliyemkuta. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, ameipa barabara mgongo. Barabara hiyo ndiyo ninayojia. Shangazi aliniambia bila ubaya wowote, kama mtu anavyosimulia, lakini neno hilo lilinikaa rohoni na halijatoka. Na nilipofika sikukuta kitu cha kujionea. Vyombo vyote vilikuwa vimeshatolewa nje na mikeka imetandikwa, kama msiba unavyotaka. Walikuwa wameng'oa kila jiwe kabla sijapima. Baada ya matanga nilivirudisha vitu mwenyewe, vizito kwa msaada wa majirani, kila kimoja pale nilipokijua tangu utotoni, nikabaki nao ule mgongo.

Basi, barafu inaingia na mzigo wake. Mawe yanashuka mgongoni mwake moja moja, yananipa mkono, yananipa pole, yanakwenda kulala kwenye mikeka, vichwa upande mmoja. Sebule isiyotosha watu kumi inapokea mawe ya wilaya nzima. Ukuta wa jikoni umesogea mpaka mtoni. Sishangai. Nawaza tu kwamba chai haitatosha.

Jiwe moja jekundu, refu kama kiatu, halilali. Limesimama linanitazama.

"Hunikumbuki," linasema.

"Sikukumbuki."

"Ulining'oa kule korongoni. Mvua ilikuwa inakuja, ukanitia mfukoni bila kuniuliza nilikuwa naelekea wapi. Sasa hata mwenyewe sijui. Wenzangu wote wamelala, mimi naulizwa kama nimetumwa."

Kweli ni lile jiwe ninalotembea nalo kwenye begi, ninalolitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Nikaliomba radhi.

"Radhi hainilazi," likasema.

Tukasimama wote wawili katikati ya watu. Hakuna aliyetusemesha. Nililionea huruma, na nadhani nalo lilinionea mimi, kwa sababu lilisogea karibu na mguu wangu likatulia hapo.

Shangazi Osmunda anatoka jikoni na fagio.

"Kresensia, toa haya mawe. Wageni watakaa wapi?"

"Shangazi, hawa ndio wageni."

"Basi wanyanyuke nifagie."

"Hanyanyuki mtu mpaka nimpime."

"Haya, pima. Ila fanya upesi, ugali unapoa."

Napiga magoti na dira yangu. Napima jiwe la kwanza, la pili, nasonga mbele, na magoti yananiuma kama yanavyouma kazini. Mawe yanavumilia. Moja linaniomba nisilitekenye. Mwisho wa mkeka wa mwisho nagusa mguu wa kiti. Juu ya kiti amekaa baba, amevaa koti lake la Krismasi. Shangazi ameshashika kiti akitoe nje.

"Kiache!" nasema.

"Bibi wewe, unanifokea mimi?"

"Naomba ukiache, shangazi. Nimechelewa kupima mara moja, sitaki iwe mbili."

Anakiachia, anavuta mdomo. Naweka dira juu ya goti la baba. Sindano inatetemeka, inatulia. Mgongo umeelekea barabarani, kama nilivyoambiwa. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya mawe yote, kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi.

"Nini tena?" ikauliza barafu. Ilikuwa imepewa chai, na chai imeganda kikombeni, inailamba.

"Alinikasirikia mpaka mwisho. Ameipa mgongo njia yangu."

"Nani alikufundisha kazi?"

"Chuo."

"Na chuo hakikukwambia kuwa mstari una ncha mbili? Mimi nikipita naacha mstari. Mjinga anaona mstari anasema, barafu ilikwenda huku. Anaambiwa ageuke, anaona ilikwenda kule. Wewe umepima mgongo wa mzee, umelia. Uso umeupima?"

"Upande wa uso kuna kabati la vyombo tu. Aliona heri atazame kabati kuliko njia yangu."

"Kabati," ikasema barafu. Ikaweka kikombe chini. "Mimi siwezi kuvuta kitu bila kukwaruza. Baba yako naye hawezi. Soma chini, mwanangu. Mimi niruhusu niende, naanza kuvuja, nitakulowanishia nyumba."

Inaondoka. Kuondoka kwake kunachukua muda mrefu sana. Nazunguka kiti, natazama uso wa baba. Amevaa miwani, shingo ameinyoosha mbele.

"Baba, unatazama nini?"

"Nyamaza kwanza," anasema bila kugeuka. "Leo hajawasha moto. Sijui amekula nini."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nyumba ilikuwa kimya, kimya kile cha nyumba yenye mtu mmoja. Nilitoka chumbani pekupeku kwenda kuchemsha maji, na mbele ya kabati nikakanyaga kitu cha baridi. Lile jiwe jekundu, nililoliacha ndani ya begi lililofungwa zipu, lilikuwa limelala sakafuni. Lilikuwa limelowa. Ni kiangazi, na bomba limekauka tangu juzi. Ncha yake moja ilielekea barabarani, nyingine kwenye kabati.

Nikapiga magoti. Saruji nyekundu ya sakafu ilikuwa na mikwaruzo, miwili miwili, kutoka miguuni mwa kabati mpaka kona ya pili ya chumba. Waliolitoa kabati siku ya msiba walikuwa wanaume wanne, walilibeba juujuu, na walionisaidia kulirudisha walikuwa haohao. Hii ilikuwa ya mtu mmoja. Mkwaruzo mfupi, unakatika. Mfupi tena, unakatika. Mtu amevuta, amepumzika, amevuta tena. Nami nikaja nikalirudisha kabati mahali pa utotoni, nikashukuru kwamba nyumba imekaa sawa.

Nililivuta vilevile, kidogo kidogo. Nyuma yake kulikuwa na dirisha dogo ambalo nililiziba mwenyewe siku ya kurudisha vitu, bila hata kuchungulia nje. Kwa barabara, kambi yetu ya kazi, kule tunakochimba mwamba, ni safari ya kutwa nzima, inazunguka milima yote. Kutoka dirishani hapo ni bonde moja tu. Niliona mlima ulio mbele, nikaona kitu chekundu ubavuni mwake, na kando yake kidoa cha buluu ambacho sikukielewa.

Kwenye kizingiti cha dirisha, pasipofikiwa na fagio la shangazi, kulikuwa na miwani ya baba ya kuonea mbali. Nikaifuta vumbi, nikaivaa. Kile chekundu kilikuwa shimo langu. Kidoa cha buluu kilikuwa turubai la jiko, pale ninapowasha moto kila jioni.